Fundo la Waya

Alhamisi zilikuwa zao.

Zilianza kama kazi tu. Palikuwa na uzio wa waya wa kilomita tano, nyuzi nane, upande huu hifadhi, upande ule ng'ombe. Kila Alhamisi, umande ukiwa bado haujakauka, msimamizi wa wanyamapori alitembea upande wake akitafuta matundu, na mwenye ng'ombe akatembea upande wake akitafuta matundu yale yale. Watu wawili wakitafuta tundu kwenye uzio mmoja kwa miezi minane, mwisho wa yote hulipata.

Msimamizi huyo, wafanyakazi walimwita Binti Kwato. Jina alijipa mwenyewe bila kujua. Siku ya kwanza alipofika kuripoti, suruali imepigwa pasi, mkoba wa vyeti begani, alipiga goti kwenye vumbi la geti kabla hajamsalimu mtu, akachunguza alama moja ya kwato, akasema, "Huyu anachechemea mguu wa nyuma." Jioni yake akaonekana kongoni mwenye kidonda mguu wa nyuma. Tangu hapo jina la kwenye vyeti likabaki huko huko kwenye vyeti.

Hifadhi yenyewe ilikuwa shamba la mtu. Daktari mpasuaji mmoja aliyestaafu alilinunua likiwa limechoka, akaondoa mifugo, akaacha nyasi ziote zinavyotaka. Wanyama wakarudi mmoja mmoja, kama wageni wasio na hakika kama wamealikwa. Kazi ya Binti Kwato ilikuwa kuwahesabu, kuwatibia, kuchoma mikanda ya nyasi ya kuzuia moto kabla ya kiangazi, na kuwashawishi majirani wasiwachukie. Jirani mgumu alikuwa mmoja tu, na ndiye aliyekuwa na mto.

Jirani huyo alikuwa mama mjane, na mwanawe, aliyetembea uzio, aliitwa Kimya. Aliitwa hivyo tangu utotoni, wala hakuwahi kulalamika, jambo lililozidi kulithibitisha jina.

Alhamisi hiyo ukungu ulikuwa mzito, mweupe, umelala juu ya nyasi kama shuka lisilokunjwa. Binti Kwato alisikia buti za Kimya kabla hajamwona. Kisha kofia ikajitokeza, kisha mabega, kisha yale macho ambayo yalikuwa yakimharibia hesabu za wanyama wiki nzima.

"Umeamkaje?" akauliza Kimya.

"Salama. Wewe?"

"Salama." Wakatembea hatua thelathini, waya kati yao. Halafu akasema, "Pundamilia wako wamelala kwangu jana."

"Wamekusalimia?"

"Wamenipa mgongo."

"Basi wameshakuzoea. Mnyama hampi mgongo mtu asiyemjua."

Kimya akatabasamu upande mmoja wa mdomo, kama mtu anayeweka akiba. Wakalifikia tundu. Uzi wa tatu ulikuwa umekatika. Akapiga goti, akatoa koleo mfukoni, akaanza kuunga. Binti Kwato akashika ncha ya upande wake, vidole vyao vikakutana kwenye baridi ya chuma, na hakuna aliyevitoa haraka kama ilivyopasa.

"Nimemwambia mama," akasema Kimya, macho kwenye waya.

"Umemwambia nini?"

"Kwamba kuna mtu."

Moyo wa Binti Kwato ukaruka kama swala aliyesikia kijiti kikivunjika. "Mtu gani?"

"Kwamba ni wewe."

"Akasemaje?"

"Amesema njoo Jumamosi, saa nane." Akamaliza kukaza, akainua uso. "Hajacheka. Lakini hajakataa."

Ukungu ulikuwa umeanza kupasuka, na jua likapenya likawamulika wote wawili kwa pamoja, waya ule ukang'aa kama uzi wa buibui. Binti Kwato alitamani asubuhi ile isimame hapo hapo, isisogee hata dakika. Hata hivyo alipoyashusha macho yakaangukia kwenye fundo ambalo Kimya alikuwa amelifunga, na asubuhi ikasogea.

Mizunguko mitatu kushoto, mmoja kurudi chini, kisha mkia wa waya umekunjwa ndani usimkwaruze mtu. Hakuna mwingine aliyefunga hivyo. "Baba alinifundisha," Kimya alimwambia miezi sita iliyopita, kwa ile sauti aliyoitumia kila alipomtaja baba yake, sauti ya mtu aliyebeba kikombe kilichojaa hadi ukingoni.

Baba huyo alikuwa amefariki miaka minne nyuma. Aliingia upande wa hifadhi kumfuata mtamba aliyepotea, akakutana na nyati dume, na hakurudi. Walinzi walimpiga risasi yule nyati siku ya pili. Msimamizi aliyekuwepo wakati huo akahifadhi mfupa mmoja wa mguu wa nyati, akauweka ghalani pamoja na mafuvu na pembe, akaufunga kikaratasi chenye tarehe. Mfupa ule ulikuwa umezungukwa na kitanzi cha waya kilichozama ndani kabisa, hadi mfupa ukaota juu yake. Nyati yule alikuwa amenaswa na mtego miezi mingi kabla, akaukata, akaishi na maumivu yake akiwa mkali kama moto. Na kitanzi kile kilikuwa na fundo. Mitatu kushoto, mmoja chini, mkia ndani.

Siku alipolijua hilo, Binti Kwato alikaa ghalani na mfupa mapajani hadi mwanga ukaisha dirishani. Kisha akauviringisha kwenye gunia, akauweka chini kabisa ya sanduku, akafunga. Hakumwambia hata Daktari, ingawa kila mwezi Daktari alimuuliza, "Yule mama wa ng'ombe bado anatulaumu kwa kifo cha mumewe? Bado hataki uzio ufunguliwe wanyama wafike mtoni?" Binti Kwato alikuwa na neno moja la kumaliza ubishi ule. Akalimeza.

*

Ijumaa mjomba wake akapiga simu. Ndiye aliyemlea, na aliamini kwamba simu husikika vizuri zaidi mtu akipaza sauti.

"Nasikia unakwenda kuonwa!"

"Shikamoo mjomba. Nani kakuambia?"

"Marahaba. Shangazi yako ulimwambia usimwambie mtu, naye hakumwambia mtu ila mimi. Huyo kijana ni binadamu, siyo?"

"Mjomba!"

"Nauliza. Miaka yote hii unanitumia picha za fisi na vifaru, nikajua nitaletewa posa na mnyama. Anafanya kazi gani?"

"Anafuga ng'ombe."

"Afadhali. Ng'ombe tunawaelewa. Na mama yake?"

"Mama yake sijui kama atanitaka."

Sauti ya mjomba ikashuka, jambo la nadra. "Sikiliza, mwanangu. Ukiingia nyumba ya watu, keti pale utakapoonyeshwa. Usijikweze, usijidharau. Asiyekutaka ukiwa umekaa vizuri, hatakutaka hata ukipiga magoti."

*

Sebule ya Bi Mkubwa ilikuwa safi kiasi cha kumfanya mtu aombe radhi kwa viatu vyake. Makochi yalivishwa vitambaa vyeupe vilivyofumwa kwa mkono, kabati la vioo lilikuwa na vikombe ambavyo havikuwahi kunywewa, na juu ya mlango ilitundikwa picha ya marehemu akiwa amesimama kando ya fahali, wote wawili wakitazama kamera kwa kiburi kimoja.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Karibu. Keti hapo." Bi Mkubwa alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, aliyekaa wima kama aliyekatazwa kuegemea. Akamimina chai bila kumwaga tone, kisha akamgeukia mwanawe. "Wewe nenda kamwangalie yule ndama wa jana, kama amenyonya."

"Amenyonya, mama."

"Kamwangalie kama ameshiba."

Kimya akamtazama Binti Kwato, macho yakasema yote ambayo mdomo haukuzoea kusema, akatoka. Hatua zake zikazunguka nyumba, zikapotea upande wa zizi.

Bi Mkubwa akanywa chai. "Wanasema ukitazama alama ya mguu unajua mnyama alikuwa na njaa au ameshiba."

"Wanaongeza chumvi, mama. Najua tu kama alikuwa anatembea au anakimbia, na kama ana maumivu."

"Na binadamu?"

"Binadamu wanavaa viatu."

Kitu kama tabasamu kikapita usoni mwa mama yule, kikapotea kabla hakijakaa. Akaweka kikombe chini. "Mimi sikutaki. Nakuambia usoni nisije nikakusema kisogoni. Sura unayo, adabu unayo, kazi unayo, na mwanangu tangu akujue anaongea hadi wafanyakazi wanaulizana kama anaumwa. Kasoro sijaiona. Lakini sikutaki."

Binti Kwato akakumbuka kukaa vizuri. "Naweza kujua sababu, mama?"

"Ardhi yenu ilimla mume wangu. Siwezi kuipa na mtoto."

"Nakuelewa, mama."

"Hunielewi!" Sauti ilipanda, ikakatika katikati. Bi Mkubwa akageuza uso dirishani. Alipoendelea, aliongea polepole, kama anayepita kwenye matope. "Nyumba hii haiwezi kukaa na mtu ambaye kazi yake ni kufuata vilivyopita. Utakaa hapa mwaka, miwili. Utatazama huku, utatazama kule. Mtu wa namna yako hawezi kujizuia asitazame."

Hapo ndipo Binti Kwato alipoelewa. Mikono ya mama yule ilikuwa imeng'ang'ania kitambaa cha kochi, na hofu iliyokuwa ndani yake haikuwa ya nyati wala ya hifadhi. Alikuwa anamwogopa yeye.

"Mama," akasema kwa upole, "mimi nafuata vya wanyama. Vya watu naviacha vilale."

Saa ya ukutani ikahesabu. Bi Mkubwa akageuka taratibu.

"Unajua nini, wewe binti?"

Angeweza kusema hajui kitu. Lilikuwa jambo jepesi, na chai ingeendelea kunywewa. Lakini alimtazama yule mama, akaona uchovu wa miaka minne umekaa chini ya macho yake, akashindwa kumdanganya.

"Nalijua lile fundo, mama. Liko kwenye mfupa wa yule nyati, ghalani kwetu."

Bi Mkubwa, ambaye hakuwahi kuegemea, akaegemea. Ng'ombe mmoja akalia mbali, mwingine akamjibu.

"Tangu lini?"

"Miezi sita."

"Umemwambia nani?"

"Sijamwambia mtu."

"Hata tajiri wako? Anautaka mto wangu kama nini. Ungemwambia tu, angekuja hapa na wanasheria wake, na mimi ningetia saini kwa aibu."

"Nisingeutaka mto kwa njia hiyo."

Bi Mkubwa akafumba macho. "Mifuko ya koti lake ilikuwa inatoboka," akasema. "Kila wiki. Waya hutoboa nguo. Mimi ndiye niliyekuwa namshonea. Alisema pundamilia wanamaliza nyasi za ng'ombe, atatega wachache wanaovuka, wapungue. Sikumwambia acha. Nilishona tu. Kisha nyati akaingia kwenye mtego wa pundamilia." Akafungua macho, yamejaa, hayamwagiki. "Nikaulaumu upande wenu kwa sababu upande wangu ulikuwa unaniuma mno."

Binti Kwato akainuka kwenye kiti alichoonyeshwa, akaenda kuketi karibu yake. Hakumshika. Alikaa tu, bega karibu na bega, kama wanyama wakaavyo mvua ikinyesha.

"Kwa nini hukumwambia mwanangu?" mama akauliza mwishowe.

"Kwa sababu baba yake ndiye anayemfanya asimame wima. Mimi ni nani hata nimwondolee?"

Bi Mkubwa akamtazama kwa mara ya kwanza kama mtu anavyomtazama mtu. Kisha akafanya jambo ambalo Binti Kwato hakulitegemea. Akasimama, akaenda mlangoni, akamwita mwanawe.

"Mama, usimwambie," Binti Kwato akanong'ona. "Tafadhali."

"Siri ni yangu. Umenibebea miezi sita, inatosha."

Kimya akaingia, mikono bado ina maziwa ya ndama. Mama yake akamwambia akiwa amesimama vile vile, kwa maneno machache, bila kumpunguzia wala kumwongezea. Koti, waya, pundamilia, nyati, mfupa. Kimya alisikiliza hadi mwisho. Alitazama picha iliyo juu ya mlango, kisha akamtazama Binti Kwato.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Kila Alhamisi?"

"Kila Alhamisi."

Akaitazama mikono yake, akaigeuza kama ya mtu mwingine. "Nilidhani unaitazama hii kwa kupenda."

"Nilikuwa naipenda!"

"Ulikuwa unaisoma."

"Nilikuwa nafanya vyote viwili," akasema Binti Kwato, na sauti ikamtoroka. "Unadhani ni rahisi? Kukutazama ukifunga lile fundo, kila wiki, nakupenda hadi nashindwa kupumua, na najua? Nilitamani nisijue. Niliomba nisahau!"

"Ungeniambia."

"Ungebaki na nini?"

"Na wewe," akasema Kimya. Akachukua kofia yake mezani, akatoka, na mlango haukupigwa. Ulifungwa taratibu, na hilo liliuma zaidi.

*

Alhamisi iliyofuata Binti Kwato alitembea uzio peke yake.

Na ile iliyofuata. Ukungu ulikuja na kuondoka. Upande wa pili nyasi zilisimama bila kukanyagwa, umande wake mzima. Matundu yaliyopaswa kuungwa kutoka kule yalibaki wazi, na akawa anapitisha mkono kuyaunga mwenyewe, vibaya, kwa mafundo ya kawaida ya watu wote. Usiku aliota anaitwa kutoka ng'ambo ya maji, na asubuhi alipoamka alibaki kitandani akisikiliza, kama vile ndoto ilikuwa imesahau kumalizia.

Kiangazi kilikuwa kinaingia. Bwawa la hifadhi lilipungua hadi likawa kioo cha matope, na mchana wanyama walikuja kusimama kwenye uzio, pundamilia, kongoni, twiga watatu nyuma yao, pua zimeelekezwa mtoni. Walisikia harufu ya maji. Walisimama tu. Binti Kwato aliwahesabu, akaandika, akafuta, akahesabu tena. Alijiona ni mmoja wao.

"Atakuja," mjomba alisema kwenye simu, bila kupaza sauti.

"Na asipokuja?"

"Basi utarudi kula kwangu hadi unenepe. Lakini atakuja. Mtu aliyefunga mlango polepole hajamaliza kutoka."

Alikuja Jumanne ya wiki ya tatu, adhuhuri, wakati kila kitu kimetulia kivulini. Binti Kwato alikuwa ofisini akibadilisha betri za kamera zinazofungwa mitini kupiga picha za wanyama wapitao. Gari la mizigo likasimama nje. Kimya akashuka. Alikuwa amekonda, ndevu hazijanyolewa, na mikono yake ilikuwa imechanika hadi viwikoni kwa miiba. Begani alibeba gunia. Akaingia, akalimwaga sakafuni.

Zilikuwa nyaya. Vitanzi na vitanzi, vimeota kutu, vingine vina magome ya miti bado yameng'ang'ania.

"Sitini na mbili," akasema. "Zilikuwa bado porini, upande wetu, kando ya mto. Zote zimefungwa. Zote zinangoja." Akavuta pumzi. Binti Kwato hakuwahi kumsikia akisema maneno mengi namna hii bila kusimama. "Siku ya kwanza nilitoka nikitafuta nipate hata moja yenye fundo tofauti, nije nikuambie umekosea. Ya kwanza ilikuwa ya baba. Ya pili ya baba. Nilipofika ya ishirini nikaacha kutazama mafundo, nikawa nakata tu."

"Kimya..."

"Ngoja, nikinyamaza sasa sitaweza tena. Nilikukasirikia kwa sababu ulimjua baba yangu kuliko mimi, na bado ulimstahi. Mimi nilipomjua, nilimchukia siku tisa nzima. Wewe miezi sita hukumfichua hata kwa tajiri wako." Akafuta uso kwa mkono uliochanika, akaacha mstari wa vumbi na damu shavuni. "Naomba kuuona huo mfupa."

Akampeleka ghalani. Akafungua sanduku, akalikunjua gunia. Kimya akaupokea kwa mikono miwili, akakaa kwenye kigogo, akapitisha kidole gumba juu ya waya uliozama, mitatu kushoto, mmoja chini. Alikaa hivyo muda mrefu. Mwanga wa adhuhuri uliingia kwenye nyufa za mbao ukachora mistari mgongoni mwake, na vumbi likaelea ndani ya mistari ile taratibu kama lisilo na mahali pa kwenda. Binti Kwato akapiga goti mbele yake. Mabega ya mwanamume yule yakaanza kutikisika, naye Binti Kwato akamvuta kichwa, akakilaza shingoni mwake, akamwacha alie. Alinuka jasho na nyasi kavu. Hakuna neno lililosemwa, na safari hii ukimya haukuwa jina la mtu yeyote.

"Naomba unisamehe kwa kukuficha," akasema Binti Kwato, Kimya alipotulia.

"Naomba unisamehe kwa kukuacha na lile swali lako. Uliniuliza ningebaki na nini."

"Ulinijibu. Ulisema mimi."

"Halafu nikaondoka. Jibu la mtu anayeondoka halihesabiki. Nimekuja kulijibu nikiwa nimesimama hapa."

Wakatazamana. Na pale katikati ya mafuvu na pembe, Kimya akambusu kwa mara ya kwanza, taratibu, kama mtu anayekunywa maji baada ya safari na anaogopa yasije yakaisha.

"Mmekufa humo ndani?" ikaita sauti kutoka nje. "Gari limekuwa tanuri!"

Binti Kwato akaruka. "Umekuja na mama?"

"Alikataa kubaki," akasema Kimya, masikio yamewaka.

Bi Mkubwa alikuwa amesimama kwenye kizingiti cha ofisi, mkoba mkononi, akitazama ramani ya hifadhi ukutani. Tangu mumewe afariki hakuwahi kukanyaga upande ule. Akaigusa ramani kwa kidole, pale ambapo mstari mwekundu wa uzio ulipita.

"Hapa ndipo wanaposimama?"

"Ndiyo mama. Kila mchana."

"Nawaona kutoka jikoni. Nilikuwa nafunga pazia." Akaondoa kidole. "Mwambie Daktari wako alete karatasi zake. Nimeshamwambia huyu, uzio ufunguliwe kabla mto haujapungua. Na siku moja, siyo leo, utanipeleka pale mahali mume wangu alipoangukia."

"Siku utakayosema, mama."

"Haya. Sasa jambo la pili." Akaketi bila kukaribishwa, akafungua mkoba, akatoa simu na miwani. "Kwenu nani anakusemea?"

Binti Kwato akamtazama Kimya, Kimya akatazama sakafu. "Mjomba, mama. Lakini... ana maneno."

"Mwenye maneno tutaelewana. Nimeishi na huyu miaka thelathini na mbili, nina njaa ya mtu wa kuongea naye. Nitajie namba."

Akapiga papo hapo. Simu ikapokelewa kwa sauti iliyojaza ofisi. "HALO!" Bi Mkubwa akaisogeza mbali na sikio, akaitazama, kisha akapaza ya kwake kwa kiwango kile kile. Akatoka nayo hadi chini ya kivuli cha paa, na kwa nusu saa walimsikia akibishana, akicheka, akibishana tena. Aliporudi alikuwa amevua miwani.

"Jumapili," akasema. "Na anauliza kama kijana wetu anaweza kuongea. Nimemwambia tunalifanyia kazi."

Jumapili hiyo Kimya aliongea dakika ishirini mbele ya mjomba bila kukatishwa. Alimwambia yote, hata ya baba yake, hata ya vile vitanzi sitini na viwili. Mjomba alikiri baadaye kwamba alikuwa ameandaa maswali kumi na moja, na yote yakamtoka kichwani.

Uzio ulifunguliwa mwishoni mwa mwezi. Mafundi walikata kwa siku nne, wakaviringisha waya, wakang'oa nguzo, na siku ya tano wakaondoka. Wanyama walikuja mchana kama kawaida yao. Walifika pale ambapo waya ulikuwa, wakasimama.

Binti Kwato na Kimya walikuwa wameketi kwenye nyasi mbali kidogo, upande wa upepo usiowafichua. Posa ilikuwa imekubaliwa juzi.

"Kwa nini hawapiti?" Kimya akanong'ona.

"Hawaamini. Wamefundishwa na waya miaka mingi."

"Watasimama hadi lini?"

"Wengine husimama miezi. Tunasubiri tu."

Akaegemeza kichwa begani mwake. Saa moja ikapita, na ya pili. Kivuli cha wingu kilipita juu ya nyasi, kikavuka kwenda upande wa mto bila kuuliza mtu. Upepo ukageuka ukaleta harufu ya maji. Kisha jike mmoja mzee wa pundamilia, sikio moja limechanika, akatoka kwenye kundi. Akanyoosha shingo, akanusa hewa tupu mbele yake kwa muda mrefu. Mkono wa Kimya ukaukaza mkono wa mchumba wake.

Yule jike akainua mguu mmoja juu sana, kama anayeruka kitu, akauweka chini upande wa pili. Akangoja. Hakuna kilichomuuma. Akauvusha na mwingine.